Je, Wajua? Kabla Hujang'oa Kitasa

Je, wajua kwamba kitasa kinachokusumbua huenda ni kizima, na mgonjwa ni mlango? Bawaba zikilegea, au mbao ikivimba wakati wa masika, mlango hushuka milimita chache tu, na ulimi wa kitasa ukagonga bati la kwenye fremu badala ya kuingia kwenye tundu lake. Mwenye nyumba husukuma kwa bega, hukaza mkono kwenye ufunguo, mwisho hununua kitasa kipya ambacho nacho hugoma siku hiyohiyo. Kipimo chake hakina gharama. Acha mlango ukiwa wazi kabisa, kisha zungusha ufunguo. Ulimi ukitoka na kurudi kwa ulaini, kitasa hakina kosa. Mwite seremala akaze bawaba au asogeze bati. Ukikwama hata mlango ukiwa wazi, hapo sasa tafuta hela ya kitasa.

Je, wajua kwamba ufunguo nao huliwa? Kila unapoingia na kutoka, meno yake husuguana na chuma cha ndani, na shaba ya njano ni laini. Ukiona kitasa kinafunguka pale tu unapourudisha ufunguo nyuma kidogo au kuutikisatikisa, chukua ufunguo wa akiba ambao haujatumika uujaribu. Ukifungua bila shida, umejiokolea bei ya kitasa kizima.

Hapo ndipo wengi hukosea hatua ya pili: humpelekea mchonga funguo ule ufunguo uliochakaa. Mashine yake ina kidole kinachopita juu ya meno ya ufunguo uliomletea, na kisu kinachokata ufunguo mpya kufuata njia ileile. Mashine haijui kipi ni jino na kipi ni uchakavu. Nakala ya nakala ya nakala hubeba makosa ya zote zilizotangulia. Kitasa kipya kikija na funguo tatu, mmoja uwekwe kabatini usitumike, uwe wa kuchongeshea tu.

Je, wajua kwamba funguo zinazong'aa kama fedha hazina fedha ndani? Nyingi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, au ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli.

Je, wajua kwamba kanuni iliyo ndani ya silinda ya mlango wako ilikuwapo kabla ya Kristo? Kitasa cha mbao chenye pini kilikutwa kwenye magofu ya jumba la mfalme Sargon II huko Khorsabad, katika Iraki ya leo, na Wamisri wa kale walitumia vya namna hiyo. Pini za mbao zilidondoka ndani ya komeo na kulizuia lisisogee. Ufunguo, kipande kirefu cha mbao chenye vijiti, ulizinyanyua pini zote kwa pamoja, komeo likavutwa. Mmarekani Linus Yale alirudisha kanuni hiyo kwa chuma mwaka 1848, na mwanawe, Linus Yale mdogo, akaipata hataza ya silinda ndogo yenye ufunguo bapa wa meno mwaka 1861, na nyingine mwaka 1865. Silinda unayonunua leo Kariakoo au mtaa wa River Road ni mjukuu wa kazi hiyo.

Ndani yake kila pini imekatwa vipande viwili, juu yake kuna springi ndogo. Ufunguo sahihi hunyanyua kila pini kwa kimo chake hasa, mpaka mikato yote ikalingana kwenye mstari mmoja. Hapo kiini cha silinda huzunguka. Pini moja ikipitiliza hata kidogo, hakizunguki. Ndiyo maana vumbi la barabara ya murramu, springi iliyolegea, au ncha ya pini iliyosagika hutosha kukufungia nje ya nyumba yako usiku.

Je, wajua kwamba silinda ya pini tano, kila pini ikiwa na vimo kumi, ingepaswa kuwa na funguo tofauti 100,000, lakini kiwandani hazifiki huko? Jino refu mno haliwezi kukaa karibu na jino fupi mno, kwa sababu ufunguo usingeingia wala kutoka. Michanganyiko mingi hutupwa.

Na vile vitasa vya milango ya vyumba, vyenye ufunguo mrefu wa shingo ya duara? Hivyo havina pini. Vina leva, yaani visahani vya chuma vinavyonyanyuliwa na ufunguo. Mwingereza Robert Barron alipata hataza mwaka 1778 ya leva ambazo lazima zinyanyuliwe kwa kimo kamili, zisizidi wala zisipungue. Kitasa cha leva mbili kina michanganyiko michache sana. Si ajabu ufunguo wa chumba cha jirani ukafungua chako. Ni kitasa cha mlango wa ndani. Kukiweka kwenye mlango wa mbele wa nyumba au duka ni kujidanganya, hata kama mkono wake unang'aa namna gani. Kiwango cha Uingereza cha BS 3621, ambacho namba yake utaikuta imechapwa kwenye vitasa bora vya leva, hudai angalau leva tano, tofauti za funguo zisizopungua 1,000, ulimi unaotoka milimita 20, na kinga dhidi ya keekee.

Je, wajua kwamba fundi mmoja aliwahi kuitikisa nchi nzima kwa vyuma vidogo vya mkononi? Joseph Bramah alipata hataza ya kitasa chake mwaka 1784, na tangu 1790 kimoja kikawekwa kwenye dirisha la duka lake London kikiwa na tangazo: atakayekifungua bila ufunguo wake atalipwa gini 200. Kilikaa pale zaidi ya miaka 60. Kulikuwa na kingine kilichosifiwa, cha Jeremiah Chubb, kilichobuniwa mwaka 1818 baada ya wizi katika bandari ya jeshi ya Portsmouth. Hicho kilikuwa na ujanja wa pekee, maana kikichokonolewa na mwizi kilijifunga na kumjulisha mwenyewe kwamba kimeguswa. Mwaka 1851, London ilipokuwa imejaa wageni wa Maonyesho Makuu, alifika Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Kitasa cha Chubb alikifungua kwa dakika 25 hivi. Cha Bramah kilimchukua saa 51, zilizotawanyika kwa siku 16, lakini kilifunguka, na zawadi akapewa.

Mimi huipenda habari hiyo kwa sababu ya kilichofuata. Viwanda vya Uingereza havikuendelea kudai kwamba bidhaa zao hazifunguki. Vilirudi mezani na kutengeneza vitasa bora. Muuzaji wa leo anayekuambia kwamba kitasa chake hakifunguliki na mtu yeyote anakudharau. Kitasa kizuri kinanunua muda, na muda ndio mwizi asio nao.

Je, wajua kwamba mfalme wa Ufaransa alikuwa fundi vitasa? Louis XVI alipenda kazi hiyo, na mwalimu wake aliitwa François Gamain. Gamain ndiye aliyemsaidia kuficha kabati la chuma ukutani katika kasri la Tuileries. Mwezi Novemba 1792, mapinduzi yakiwa yamepamba moto, Gamain huyohuyo alikwenda kuwaonyesha wakubwa wapya mahali lilipo. Nyaraka zilizotolewa humo zilitumika dhidi ya mfalme katika kesi iliyomfikisha kwenye kifo.

Si kwamba mafundi ni wasaliti. Wengi ni waaminifu na hulishwa na jina lao zuri. Lakini pakiti ya silinda mpya ifunguliwe mbele yako, zihesabu funguo mwenyewe, na usimwachie fundi ufunguo aende kuchonga nakala peke yake. Fundi mzuri hatachukia. Atakushangaa usipofanya hivyo.

Je, wajua kwamba mafuta ya kupikia huua kitasa? Hulainisha siku chache, kisha hushikana na vumbi yakawa utomvu, pini zikanasa. Kinachotakiwa ni unga mkavu wa grafaiti, kitu kilekile kilicho katikati ya penseli. Sugua penseli laini kwenye meno ya ufunguo pande zote mbili, uingize na kuutoa mara kadhaa. Na lile kopo la WD-40 ambalo kila fundi analo? Lilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Linanasua kitasa kilichokwama, ila si kilainishi cha kukaa miezi.

Je, wajua kwamba chuma kisichoshika kutu nacho hushika kutu Tanga, Mombasa na Unguja? Chumvi ya hewa ya bahari huchimba vidoa hata kwenye aina ya 304, ambayo bara ingedumu miaka. Aina ya 316 ina madini ya molibdeni ndani yake, na hustahimili zaidi. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani, uliza namba hiyo kabla ya kuuliza bei. Na nenda dukani na sumaku ndogo: kufuli linalouzwa kwa jina la shaba likinasa sumaku kwenye mwili wake, ni chuma kilichopakwa rangi. (Ule upinde wa juu usikutishe, huo huwa wa chuma hata kwenye makufuli ya kweli.)

Je, wajua kwamba kitasa kinachochimbiwa ndani ya mlango kina vipimo, na kwamba macho hayatoshi? Nenda na kile cha zamani mkononi. Ukishindwa, pima haya: umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, umbali kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya tundu hilo, ambao kwenye vitasa vingi vya mtindo wa Ulaya ni milimita 72 au 92, urefu na upana wa bati la ubavuni, na unene wa mlango. Kosa la milimita tano maana yake ni patasi, vumbi la mbao, na mlango uliotobolewa ovyo. Mlango wa chuma uliochomelewa haukupi hata nafasi hiyo ya kurekebisha.

Silinda ina kipimo chake: kutoka katikati ya skrubu inayoishika hadi kila ncha. Ikiandikwa 35/45, upande mmoja ni milimita 35 na mwingine 45. Kuitoa ni kazi ya bisibisi moja. Fungua ile skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, chini ya ulimi, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo mpaka jino la katikati lijipange sawa na mwili, uvute. Kama haitoki, usipige nyundo. Ongeza au punguza mzunguko wa ufunguo nyuzi chache.

Je, wajua kwamba silinda iliyochomoza nje ni zawadi kwa mwizi? Mahali ilipotobolewa kwa ajili ya skrubu ndipo ilipo nyembamba kuliko kote. Akiishika ncha kwa koleo na kuikunja, hukatikia hapo, na mlango ukawa wake. Isizidi milimita tatu nje ya bati la mkono. Zipo silinda zilizotengenezwa zikatike sehemu ya mbele tu, kiini kikabaki salama ndani. Zina bei, nazo zinastahili bei hiyo.

Je, wajua kwamba mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hubaki kizima na fremu ndiyo hupasuka? Bati linalopokea ulimi hushikiliwa na skrubu fupi zilizoingia kwenye ubao mwembamba. Zibadilishe ziwe za inchi tatu, zipite fremu na kufika ukutani penye plagi. Hakuna marekebisho ya bei nafuu kuliko hayo, na ni wachache wanaoyafanya.

Je, wajua kwamba ufunguo ukipotea huhitaji kununua kitasa kizima? Silinda peke yake hubadilishwa. Fundi mwenye vifaa anaweza hata kubadilisha pini za ndani tu, silinda ileile ikapokea ufunguo mpya na kuukataa wa zamani. Ukihamia nyumba ya kupanga, fanya hivyo wiki ya kwanza baada ya kukubaliana na mwenye nyumba: hujui wapangaji waliotangulia walichongesha funguo ngapi na kumpa nani. Silinda ya zamani itunze, uirudishe siku ya kuhama.

Na ufunguo ukikatikia ndani? Usiusukume kwa ufunguo mwingine, na gundi usiikaribishe. Kipande hutoka pale tu kiini kikiwa kwenye mkao uleule ambao ufunguo huingilia. Kirudishe kwenye mkao huo kwa bisibisi nyembamba, kisha vuta kipande kwa koleo la mdomo mwembamba.

Je, wajua kwamba kitasa cha Al-Kaaba kimebadilishwa mara kadhaa, lakini wenye dhamana ya ufunguo ni ukoo uleule? Bani Shaiba wa Makka wameushika tangu enzi ya Mtume, na makufuli na funguo za zamani zimehifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul. Jerusalem nako, ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu umo mikononi mwa familia ya Kiislamu ya Joudeh, na familia nyingine ya Kiislamu, Nuseibeh, ndiyo hufungua mlango. Kwenye maduka yetu mambo huwa kinyume: kitasa hubaki kilekile miaka kumi huku wafanyakazi waliokuwa na ufunguo wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Andika daftarini kila ufunguo uko kwa nani. Anayeondoka bila kuurudisha, silinda ibadilishwe siku hiyo, wala si kumtuhumu mtu.

Je, wajua kwamba ule ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote vya ofisi unaweza kugunduliwa na mwenye ufunguo wa chumba kimoja tu? Mtafiti Matt Blaze wa Marekani alionyesha hilo mwaka 2003, kwa kutumia ufunguo wa kawaida, funguo tupu chache na tupa. Stoo ya fedha na chumba cha kumbukumbu visiwe kwenye mfumo huo. Vipewe kitasa chao pekee.

Usipige picha ya ufunguo wa nyumba mpya na kuirusha mtandaoni. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza programu inayosoma meno ya ufunguo kwenye picha, na mojawapo ya picha zao ilipigwa kutoka juu ya paa, umbali wa mita 60 hivi.

Je, wajua kwamba kadi ya kwanza ya hoteli haikuwa na umeme? Mnorwei Tor Sørnes alibuni miaka ya 1970 kadi ya plastiki yenye nafasi 32 za matundu, na kitasa cha kimakanika kilichopangwa upya kwa kila mgeni. Kadi za kielektroniki zilizofuata zina udhaifu wake: Machi 2024 watafiti walitangaza njia ya kufungua aina moja ya vitasa vya hoteli iliyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni tatu katika nchi 131. Kitasa cha namna hiyo hakichakai tu kwa chuma, huchakaa pia kwa programu, na muuzaji asiyeweza kukuahidi marekebisho yake amekuuzia nusu ya bidhaa.

Umeme ukikatika, mlango wako utafanya nini? Uliza kabla ya kulipa. Kitasa cha sumaku huachia pale umeme unapokatika, kwa hiyo duka lisilo na betri ya akiba hubaki wazi usiku wa giza. Vingine hubaki vimefungwa. Vile vya betri ndogo vinavyotumia namba za siri vingi vina pini mbili upande wa nje za kugusishia betri ya volti 9, ili uingie hata betri za ndani zikifa. Jifunze mahali zilipo siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba mlango uliofungwa vizuri kupita kiasi umeua watoto? Tarehe 16 Juni 1883, ndani ya Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto walikimbilia chini kwa ngazi kufuata zawadi. Mlango wa chini ulifunguka kuelekea ndani na ulikuwa umezuiwa kwa komeo, ukaacha upenyo wa mtoto mmoja. Walikufa 183. Robert Alexander Briggs alibuni baada ya hapo komeo linaloachia mlango likisukumwa kutoka ndani, akapata hataza mwaka 1892. Ndilo lile fito la kusukuma unaloliona kwenye milango ya dharura ya kumbi na maduka makubwa.

Nasi tunayo ya kwetu. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, moto uliteketeza bweni usiku. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Wanafunzi 67 walipoteza maisha. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Mwenye shule, hosteli au nyumba ya wageni anayebadilisha vitasa mwaka huu aanze na maneno hayo.

Nyumbani hatari imejificha kwenye grili. Usiku tunalifunga kwa kufuli upande wa ndani, halafu ufunguo unawekwa mfukoni mwa suruali, chini ya mto, au kwenye kibweta asichokijua mtu mwingine. Moshi ukijaa, hakuna atakayeona kitu. Ukibadilisha kitasa cha mlango wa nje, nunua silinda yenye ufunguo upande wa nje na kishikio cha kuzungusha kwa vidole upande wa ndani. Ila kama mlango una kioo, au dirisha liko karibu kiasi cha mkono kufika, mwizi naye atakifikia kishikio hicho. Hapo baki na ufunguo pande zote, na utundike mmoja kwenye msumari wa kudumu, mbali na dirisha, kimo ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza anafikia. Waonyeshe wote waliomo ndani, dada wa kazi na bibi aliyekuja kutembea pia. Mfanye zoezi la kufungua grili taa zikiwa zimezimwa.

Kazi ikiisha, jaribu kitasa kipya mara nyingi mlango ukiwa wazi, kwa kila ufunguo uliokuja nacho, nje na ndani. Fundi abaki hapo mpaka umalize. Ukiridhika, ndipo mlango ufungwe kwa mara ya kwanza, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje.